Jinsi ya kutobeba hasira za kazini mpaka nyumbani

Wengi tunadhani shida ni masaa tu, sio kweli, unaweza ukatoka kazini mapema kabisa na bado ukafika nyumbani ukamfokea mtoto kwa kosa la bosi.

Kabla hujatoka, kaa hata dakika 5 ujiulize, hivi nina nini? Usijibu "nimechoka tu", tafuta jina lenyewe. Ni hasira? Aibu kwa vile umesemwa mbele za watu? Hofu ya kuachishwa? Wivu kwa sababu mwenzako kapanda cheo? Mwaka 2007 mtafiti wa ubongo Matthew Lieberman na wenzake walipima ubongo wa watu, wakaona hisia ikitajwa jina ile sehemu ya ubongo inayoshtuka inatulia kidogo. Mimi kila kitu nilikuwa naita uchovu, wikiendi nalala weeee na uchovu hauishi, kumbe ni kinyongo, na kinyongo hakiishi kwa usingizi, kinataka uongee na mhusika.

Kuongea kwenyewe usiende ukiwa bado unachemka, subiri kesho yake, taja tukio, taja lilivyokugusa halafu omba kitu kinachotekelezeka: "Bosi, jana uliponikosoa kwenye kikao niliumia, naomba siku nyingine uniite pembeni." Basi, usianze kufukua ya mwaka jana.

Meseji za kazi za usiku nazo, kabla hujajibu jiulize ni dharura kweli au unaogopa kuonekana mvivu, kama ni woga iache mpaka asubuhi. Ila mkubaliane na bosi mapema kwamba kukiwa na dharura anapiga simu. Ufaransa tangu 2017 kampuni za watu 50 na kuendelea zinatakiwa kisheria kujadiliana na wafanyakazi haki yao ya kutopatikana nje ya muda wa kazi, kwahiyo kuomba hivyo sio utovu wa adabu.

Lakini tusidanganyane, kama unapiga masaa 55 kwa wiki hapo hisia sio tatizo lako, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa ripoti 2021 kwamba masaa hayo na zaidi yanaongeza hatari ya kiharusi kwa karibu asilimia 35 ukilinganisha na anayefanya masaa 35 mpaka 40. Andika kazi zako zote kwenye karatasi moja na muda kila moja inaokula, mpelekee bosi, mwambie achague ipi isubiri.