Lindi hadi Mtwara kwa VHF: kuvusha mawimbi ng'ambo ya upeo wa macho

Kwa mstari ulionyooka, Lindi mjini na Mtwara mjini zimeachana kilomita 60 hivi. Kwa redio ya VHF (masafa ya MHz 30 hadi 300), hapa MHz 145, na antena mbili za Yagi (za vijiti vilivyopangwa, zinazorusha zaidi upande mmoja) zinazotazamana, mawasiliano yanawezekana. Kabla ya yote, uwe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya upeo. Chukua kimo cha kila antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12. Antena za mita 12 kila upande zinakupa kilomita 28.5 tu. Ili zionane, kila moja ingehitaji mita 53, tena pasiwe na kilima katikati. Hiyo 4.12 tayari imehesabu kupinda kwa mawimbi: hewa ya chini ni nzito na ina unyevu mwingi kuliko ya juu, kwa hiyo wimbi huinama kufuata ardhi. Umbali unaobaki huvukwa na mawimbi dhaifu yanayozunguka mgongo wa dunia na kutawanywa na hewa.

Hatua ya 2: Ongeza kimo kabla ya wati. Kutoka wati 25 hadi 50 unapata dB 3 tu (desibeli, kipimo cha nguvu kuongezeka au kupungua). Kupandisha antena kutoka mita 6 hadi 12 mara nyingi hukupa karibu dB 6, na unafaidika katika kurusha na kupokea pia.

Hatua ya 3: Chagua kebo. Mita 20 za RG-58, kebo nyembamba ya antena, hula takriban dB 4, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yako huishia njiani. RG-213, iliyo nene zaidi, hula chini ya dB 2. Ni ghali, lakini hapa usibane matumizi.

Hatua ya 4: Funga antena. Vijiti vikilala upande mmoja, vilale na upande wa pili. Kimoja kikisimama na kingine kikilala, unaweza kupoteza dB 20. Kisha pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena), ikizidi 1.5, kagua konekta, yaani viungo vya kebo, kwanza.

Hatua ya 5: Lenga. Kutoka Lindi elekeza digrii 120, kutoka Mtwara digrii 300. Usiinue pua ya antena juu. Mawimbi unayoyataka yanapita karibu kabisa na upeo. Mmoja atulie akirusha, mwenzake azungushe digrii 10 kwa 10, akisubiri dakika nzima kila anaposimama, maana mawimbi haya hupanda na kushuka yenyewe. Mkizungusha wote wawili kwa pamoja, hamtajua nani kaipata njia.

Msikubali matokeo ya alfajiri moja. Bahari ikitulia, hewa kavu yenye joto hukalia ile yenye unyevu, na tabaka hizo hubeba mawimbi mbali ajabu. Jua likipanda na upepo ukivuma, tabaka huvurugika na njia hufa. Jaribuni saa 7 mchana, siku tatu mfululizo. Mkisikilizana hapo, njia ni ya kuaminika.

Kinachoua mitambo ya pwani yetu ni chumvi. Fungua konekta iliyokaa bila kuzibwa: utakuta shaba imeota kijani na nyuzi za ndani zimekuwa nyeusi. Izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe kuanzia chini kwenda juu, halafu iache kebo ining'inie kama tao kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee hapo.