Udi, Fidla na Kanuni Safarini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka Wakati wa Joto

Nilipofungua kasha la udi wangu chumbani Dodoma, daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi juu ya uso wa chombo, lilikuwa limebanduka na kubaki likining'inia kwenye nyuzi zake, na pale lilipokuwa limekaa miaka yote palionekana ukanda wa mti mweupe wenye mabaki ya gundi yaliyovutika kama ulimbo wa fenesi. Udi ule ulikuwa umekaa saa nane ndani ya buti ya basi, karibu na injini, kwa sababu niliambiwa mlangoni kwamba ndani hapana nafasi, nami nikakubali bila kubishana. Tangu siku hiyo sifungi safari na chombo cha nyuzi kabla ya kupitia mambo ninayoyaeleza hapa, na ninayaandika kwa ajili ya wapigaji wenzangu wa taarab, pamoja na yeyote anayesafiri na gitaa au fidla kutoka pwani kwenda bara au kutoka bara kuja pwani.

Jambo la kwanza la kujua, siku kadhaa kabla ya safari, ni gundi iliyounga chombo chako. Maudi na fidla zilizotengenezwa kwa njia ya zamani huungwa kwa gundi ya mnyama, inayotokana na ngozi au mifupa, ambayo fundi huipasha moto ndani ya maji hadi kufikia nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi ndipo ipakike. Maana yake ni kwamba joto lile lile linaloilainisha mezani kwa fundi litailainisha pia ikiwa tayari ndani ya chombo, na unyevu wa pwani huifanya ilegee mapema zaidi. Hata gundi nyeupe ya maseremala, inayotumika katika vyombo vingi vya kisasa, hulegea ikipata joto la namna hiyo huku nyuzi zikiivuta. Watu wengi hudhani joto hilo halipatikani barabarani, na hapo ndipo wanapokosea. Gari lililofungwa na kuachwa juani linaweza kupanda zaidi ya nyuzijoto 20 juu ya joto la nje kwa muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza; mahali panapopigwa na jua moja kwa moja, kama vile juu ya dashibodi, hupanda zaidi ya hapo. Kushusha kioo kidogo hakusaidii sana. Kwa hiyo ule muda wa kushuka kununua maji na kula wali, ambao msafiri anauona mfupi, kwa chombo unatosha kabisa kuleta madhara.

Mpelekee fundi chombo chako mapema ikiwa kina dalili ya udhaifu. Gonga taratibu kwa kidole kuzunguka mgongo na ukingo wa chombo, ukisikiliza: mahali palipoungana vizuri hutoa sauti ile ile kila unapogonga, na mahali palipoachana hutoa mtikisiko mdogo wa kukwaruza. Kwenye udi, chungulia nyuma ya daraja ukiwa umeweka kipande cha karatasi nyembamba. Karatasi ikipenya chini yake, usisafiri na chombo hicho wakati wa kaskazi.

Hapa inafaa kueleza kwamba vyombo havilingani. Udi ndio ulio katika hatari kubwa, kwa sababu nyuzi zake, ambazo kwa kawaida ni 11, zimefungwa kwenye daraja lililogandishwa moja kwa moja juu ya ubao wa uso usiozidi unene wa milimita mbili hivi, na mgongo wake ni vipande vyembamba vilivyokunjwa kwa moto na kuunganishwa kimoja kimoja. Gitaa la nyuzi za nailoni lina tabia kama hiyo. Vyombo hivi viwili vilegezwe nyuzi kabla ya kuondoka, kila uzi ukiteremshwa sauti moja au mbili, ili daraja lipumzike. Fidla ni kinyume chake. Daraja lake halikugandishwa, na kile kijiti kilichosimama ndani yake kati ya uso na mgongo hakikugandishwa pia, kinashikiliwa kwa kubanwa tu, kikisaidiwa na mkazo wa nyuzi. Ukizilegeza zote kwa pamoja, kijiti kinaweza kuanguka, na kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye zana zake. Fidla iteremshwe kidogo sana au iachwe ilivyo, na kitambaa laini kiwekwe chini ya mkia wa nyuzi, yaani kile kipande kinachoshika ncha zake za chini, ili hata daraja likianguka lisikwaruze uso. Rangi ya fidla nayo hulainika kwa joto, na kitambaa cha kasha kikiugusa uso kwa muda mrefu huacha alama isiyofutika.

Kanuni, kile chombo bapa cha taarab kinachopigwa kikiwa kimelazwa mapajani, inahitaji uangalifu wa peke yake. Nyuzi zake ni zaidi ya 70, zikipangwa tatu tatu, na katika kanuni za asili miguu ya daraja hukanyaga ngozi iliyowambwa. Ngozi hiyo hulegea kwenye unyevu na kukaza kwenye ukavu, kwa hiyo mpigaji anayetoka Unguja kwenda bara asishangae kuona daraja limeinuka na nyuzi zimepanda. Atenge muda wa kutosha wa kuilinganisha kabla ya onyesho, na achukue nyuzi za akiba.

Chombo kikishakaguliwa, amua njia na saa ya safari. Katika boti ya Unguja na Dar es Salaam, kaa nacho ndani kwenye kivuli, usikiache sitahani, ambako jua na hewa ya chumvi hukipata pamoja. Kwa safari ya Dodoma, ambayo ni takriban kilomita 450 kwa barabara, treni ya SGR ni nafuu kubwa kuliko basi, kwa sababu behewa lina kiyoyozi na safari ni fupi. Ukilazimika kupanda basi, chagua linaloondoka alfajiri, zungumza na kondakta siku ya kukata tiketi badala ya asubuhi ya safari, na ikibidi lipia kiti cha pili. Fedha hiyo ni ndogo kuliko ya kugandisha daraja upya. Buti ikatae, na keria uikatae zaidi. Kwa ndege, hatari ya joto haiko sana angani, iko kwenye mkokoteni wa mizigo unaosubiri juani uwanjani, kwa hiyo uliza mapema kama chombo kinaweza kuingia nawe ndani.

Kasha gumu lenye sponji nene huchelewesha joto lakini halilizuii, na likishapata moto hukaa na moto huo muda mrefu. Makasha mengi ni meusi, rangi inayonyonya jua kuliko zote. Shuka jeupe lililotandikwa juu yake husaidia kwa kweli, nami husafiri na moja kila mara. Mwalimu wangu wa udi alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya kasha kila gari liliposimama, na kama mkono haukustahimili kutulia pale, alilitoa nje na kulisogeza chini ya mwembe, hata kama safari ingechelewa. Sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho kwa msafiri wa kawaida.

Ukavu husahaulika kwa sababu hausikiki mwilini kama joto. Mafundi wengi wa gitaa hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, lakini chombo kilichoishi Mji Mkongwe kimezoea unyevu mwingi zaidi ya huo, na kinachokidhuru ni badiliko la ghafla. Kikipelekwa Dodoma miezi ya kiangazi, mti hunywea, vigingi vya kukazia nyuzi huanza kuteleza, na ubao wa uso unaweza kupasuka kwa kufuata mishipa ya mti. Ukikusudia kukaa wiki moja au zaidi, weka ndani ya kasha kibweta cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sponji iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa hadi isidondoke, na uhakikishe hakigusi mti. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vitolewe kabisa kwa safari ya kwenda bara. Chukua pia kipande cha chaki cha kupaka kigingi kinachoteleza, na sabuni kavu kwa kile kinachokwama ukirudi pwani.

Utakapofika, usifungue kasha mara moja. Chombo kilichotoka kwenye kiyoyozi kikipelekwa ghafla kwenye hewa ya pwani hulowa umande juu ya rangi na nyuzi, na kilichotoka kwenye joto huweza kuwa bado na gundi laini hata kama kinaonekana kizima. Kiache kwenye kasha lililofungwa, kivulini, mbali na feni na mdomo wa kiyoyozi, kwa nusu saa au zaidi, kisha fungua, tazama daraja na viungo vyote, ndipo upandishe nyuzi kidogo kidogo kwa awamu mbili au tatu. Ukikuta kitu kimeachana, teremsha nyuzi zilizobaki, okota kila kipande hata kile kidogo kama ukucha, ukifunge kwenye karatasi, na usikubali mtu akupakie gundi ya duka la vifaa ili onyesho liendelee. Gundi ya namna hiyo huziba vinyweleo vya mti, na fundi atakayekuja baadaye atalazimika kuikwangua pamoja na mti wenyewe. Udi wangu uliokoka kwa sababu usiku ule niliazima mwingine, na daraja langu likarudi Unguja limefungwa ndani ya leso.