Jinsi ya Kufuma Bisi kwa Sindano ya Krosheti

Mtu aliyezoea kufuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya krosheti tayari anajua karibu kila kitu kinachohitajika ili afume bisi, yaani yale mafundo ya mviringo yanayovimba juu ya kitambaa kama punje za mahindi zilizopasukia kwenye sufuria. Jambo jipya ni moja tu, nalo ni kukiachia kitanzi kitoke kwenye sindano bila kuogopa.

Kwa jaribio la kwanza, tumia uzi wa pamba wa unene wa wastani, wenye rangi nyepesi, pamoja na sindano ya milimita 4 au 5. Uzi mweusi huficha mafundo hata machoni pa fundi, na uzi wenye manyoya huumeza uvimbe wote. Nunua uzi wa ziada, kwa kuwa kila bisi hula mafundo marefu matano mahali ambapo fundo moja lingetosha.

Fuma mnyororo wa vitanzi 22, uruke kile kilicho karibu na sindano, kisha fuma fundo fupi katika kila kimoja cha vilivyobaki, upate mafundo 21. Kwa fundo fupi, penyeza kulabu, yaani ncha ya sindano iliyopinda, uvute uzi ili upate vitanzi viwili, kisha upitishe uzi katika vyote viwili. Geuza kitambaa, fuma kitanzi kimoja cha kupandia, na ufume mstari wa pili vivyo hivyo. Mstari wa tatu, ambao hufumwa uso wa kitambaa ukikutazama, ndio wa bisi: anza na mafundo mafupi mawili na bisi moja, rudia mara nne mafundo mafupi matatu na bisi moja, kisha umalizie kwa mafundo mafupi mawili. Hapo utakuwa na bisi tano.

Bisi yenyewe hufumwa hivi. Zungushia uzi kwenye sindano, penyeza kulabu katika fundo la mstari wa chini, uvute uzi ili upate vitanzi vitatu, kisha upitishe uzi katika viwili, na tena katika viwili vinavyobaki. Hilo ni fundo refu moja. Fuma mengine manne katika tundu lilelile, hata yasongamane kama kipepeo kidogo cha kupepea moto. Sasa refusha kitanzi kilicho kwenye sindano kidogo ili kisifumuke, ukitoe, upenyeze kulabu kutoka mbele kwenda nyuma kwenye kichwa cha lile fundo refu la kwanza, ukinase kitanzi ulichokiachia na kukivuta kipite. Utaona kipepeo kikijikunja na kuvimba kuelekea kwako. Kifunge kwa kitanzi kimoja kilichokazwa.

Ukipenyeza kulabu kutoka nyuma kuja mbele, bisi itavimbia upande wa pili. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa na bisi tatu za namna hiyo, nami niliziona baada ya mistari sita, ikanibidi nifumue yote.

Mstari wa nne ni wa mafundo mafupi matupu, na hapa ndipo wengi huharibu: juu ya kila bisi fuma fundo moja tu, wala usihesabu kitanzi cha kufungia na kichwa cha bisi kuwa mafundo mawili, kwani kitambaa kitapanuka kama feni. Hesabu upate 21 kabla ya kugeuza. Katika mstari wa tano bisi huhamia katikati ya zile za chini: mafundo mafupi manne, bisi, mara tatu mafundo matatu na bisi, kisha manne. Ukirudia kuanzia mstari wa pili hadi wa tano, mpangilio utaendelea kwa urefu wowote unaoutaka.

Kitambaa kikiisha, usikipige pasi, kwa sababu bisi zitalala. Kiloweshe, kikamue kwa kukibana ndani ya taulo, ukitandaze juu ya mkeka huku uso ukitazama juu, na uziinue kwa ncha ya kidole bisi zilizobonyea kabla hakijakauka.