Kijiko kitokee chini

Bamama wenye batoto wa IMC (ubongo uliumia, mwili hauwatii vizuri) hapa Goma, hii nimeifunza kwa kinesi (mutu wa kufundisha mazoezi ya mwili) mumoja nikaona niwapatie: ukimulisha mutoto asiyeweza kushika shingo, kaa mbele yake, uso wako uwe chini kidogo ya wake, kijiko kitoke chini kuja juu ili kidevu chake kiiname kidogo kwenye kifua. Wengi tunamulalisha kwenye mapaja, kichwa nyuma, tunamimina uji kwa sababu ni haraka, lakini kichwa kikienda nyuma njia ya pumzi inabaki wazi na chakula kinateleza kwenye mapafu mbele hajameza, na ile homa ya mapafu inayorudi-rudi mara nyingi inatoka hapo, si baridi ya usiku kama tunavyodhani. Matako yafike nyuma kabisa ya kiti, magoti yakunjwe, miguu ikanyage kitu, hata tofali. Uji uwe muzito, maji matupu ndiyo yanamupalia zaidi. Akimaliza abaki amekaa nusu saa.

Haisaidii akiwa na usingizi, akilia sana ao kifafa kikitoka tu kumushika, hapo ngoja kwanza. Na kama umefanya vizuri lakini bado anakohoa kila mulo, sauti inakuwa kama iko na maji ndani, ao midomo inageuka rangi, acha kulisha umupeleke kwa daktari, wengine kumeza kwenyewe ndiko kumeharibika na wanahitaji sonda, ule mupira mwembamba wa kupitishia chakula mpaka tumboni.