Jinsi ya kuidai kompyuta ya punguzo iliyochelewa, kwa wanunuzi wa Mombasa

Ukiagiza kompyuta kwa dila (muuzaji wa dukani) kupitia mpango wa punguzo wa wafanyakazi au walimu, siku uliyolipa si lazima iwe siku oda yako iliyoanza safari. Hapa ndipo wiki nyingi hupotelea. Bei ya punguzo aghalabu hutolewa na mtengenezaji kwa jina la mnunuzi mahususi, na ina tarehe ya mwisho. Jina kwenye profoma (ankara ya awali) likitofautiana na la kitambulisho, au barua ya mwajiri ikikosa muhuri, oda hubaki pale pale na huenda usipigiwe simu. Bei ikiisha muda kabla ya kuthibitishwa, maombi huanza upya.

Basi kabla ya kulalamika, mwandikie dila barua pepe umtake akujibu mambo matatu: namba ya oda iliyoko kwa msambazaji anayemuuzia yeye (namba ya risiti ya dukani haitoshi), kama mashine iko stoo au inaundwa kwa oda, na tarehe ya kukufikia. Usikubali jibu la "iko njiani". Mashine iliyokwisha kuundwa ina namba yake ya siriali. Wakishindwa kuitaja, uliza moja kwa moja kama imeundwa.

Wakisema imekwama bandarini, uliza mzigo umeandikiwa kuishia wapi. Kontena lililoandikiwa Nairobi hushuka Kilindini, likapanda reli ya SGR hadi Embakasi, Nairobi, likatolewa huko, kisha kompyuta yako ikarudishwa Pwani kwa lori. Kwa hiyo usijisumbue kwenda Kilindini kuuliza. Forodha hushughulika na aliyetajwa kwenye hati za mzigo au wakala wake. Muulize dila kama cheti cha ubora cha KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) kimepatikana na kama ushuru umelipwa. Majibu hayo mawili yataonyesha mzigo umekwama wapi.

Sasa sheria, na hapa soma taratibu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba wa bidhaa itakayoletwa baadaye ikiwa haijafika ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyoandikwa. Kama hakuna tarehe iliyoandikwa, siku 30 zinahesabiwa tangu mkataba ulipofanywa. Lakini ukishakubali kupelekewa baada ya muda huo kupita, haki hiyo ya kuvunja inaondoka. Dila akikupigia siku ya 35 kukubembeleza usubiri "wiki moja tu", usiseme sawa kwa simu wala kwa WhatsApp kabla hujaamua. Ukitaka kusubiri, andika tarehe mpya na sharti la kurudishiwa pesa ikipita.

Ukiamua kuvunja, mpelekee dila barua yenye tarehe, kiasi ulicholipa, namba ya oda na siku unazompa arudishe pesa. Ambatisha profoma, risiti na taarifa ya M-Pesa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Malalamiko kuhusu mwenendo wa biashara yenyewe yapeleke kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Wanaolipa kwa makato ya mshahara wana shida ya ziada: makato yanaweza kuanza kabla mashine haijafika. Kwenye fomu, andika kuwa yaanze baada ya kusaini hati ya kupokea. Kama yameshaanza, barua ya kuyasimamisha iende kwa ofisi ya mishahara, na kwa sacco (chama cha akiba na mikopo) pia kama makato yanapitia huko, siyo kwa dila peke yake.

Mzigo ukifika, fungua boksi mbele ya aliyeuleta. Linganisha siriali ya boksi, ya chini ya mashine na ya ankara, kisha washa uhakikishe RAM na diski ni zile ulizolipia. Tazama pia chaja: ya soko la Kenya ina pini tatu za mstatili. Halafu ingiza siriali kwenye tovuti ya mtengenezaji. Waranti huweza kuwa imeanza kuhesabiwa tangu mashine ilipotoka kiwandani, na kwa oda iliyochelewa hiyo ni miezi iliyoliwa bure. Mtumie mtengenezaji risiti yenye tarehe ya kupokea, uombe tarehe irekebishwe.