Vigae vya pango: ninavyovikata na ninavyovipanga mezani

Jumamosi jioni baraza letu la Ngamiani, hapa Tanga mjini, huwa pango. Watoto wanne wa kaka yangu huizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake, mimi ndiye msimulizi. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi pamoja uliotoka Marekani mwaka 1974. Maneno na dadu vinatosha kuucheza, lakini mapigano yakianza ubishi hauishi: nani yuko karibu na mlango, mshale wa nani unafika. Vigae vilituondolea ubishi huo. Ni vipande vya sakafu vyenye viboksi; leo vinaungana kuwa ukumbi, wiki ijayo unavipanga upya viwe handaki.

Vipimo kwanza. Kiboksi ni inchi 1, na kwenye mchezo huu ni sawa na futi 5. Binadamu wa kawaida huenda futi 30 kwa zamu, yaani viboksi 6. Ndiyo maana kigae changu kikubwa ni inchi 6 kwa 6: aliyekivuka moja kwa moja amemaliza mwendo wake, hakuna wa kuhesabu. Njia nyembamba ni 2 kwa 6, kona ni 2 kwa 2. Mlango hukaa kwenye viboksi viwili vya katikati ya upande, siku zote. Seti yangu ya kwanza niliikata kwa kukadiria. Vyumba vilipendeza, milango haikukutana, nikavitupa vyote. Sasa kigae chochote kinapokea chochote, kama barabara za namba za hapa Ngamiani, popote utokeapo utakutana na nyingine. Anza na vikubwa 4, njia 6 na kona 6.

Tafuta boksi gumu la friji au televisheni. Gundisha tabaka mbili, mistari ya ndani ya moja ikiwa wima na ya nyingine mlalo, kwa gundi nyeupe ya seremala, kisha kandamiza kwa vitabu vizito usiku kucha. Unyevu wa bahari yetu hauna huruma na boksi, kwa hiyo paka gundi kwenye kingo pia, na rangi uipake pande zote mbili siku hiyohiyo. Ukipaka upande mmoja tu, asubuhi utakuta kigae kimejikunja na visanamu vya wahusika havisimami. Lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya huchongeka vizuri kama mwamba, ila usilipulizie rangi ya kopo, italiyeyusha. Tumia rangi ya maji na brashi.

Pande mbili maana yake sehemu mbili: vyangu upande mmoja ni matope ya mikoko, wa pili ni mwamba. Kwa ajili ya mwamba nilikwenda mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, nikakaa naziangalia kuta tu. Chokaa si kijivu kitupu. Ina umanjano, ina weusi kwenye nyufa, na njia hubana mpaka uiname, halafu ghafla kichwa kinapata nafasi. Basi ndani ya kigae nachora ukuta wa kupindapinda, lakini kingo zake nje zinabaki mraba. Kuta za kusimama sizizidishi nusu inchi, aliyekaa upande wa pili naye aone.

Wakati wa kucheza, tafadhali usitandaze ramani nzima. Pango likionekana lote limeshakuwa picha, hakuna anayeliogopa. Mimi hufuata mwanga: mwenge huangaza vizuri futi 20, viboksi 4, na viboksi 4 vinavyofuata ni nusu giza. Kisipofikiwa na mwanga, hakiwekwi. Vigae hukaa kwenye kikapu chini ya kiti changu, kwa mpangilio wa kutokea, na mezani natandika blanketi visiteleze.

Juzi mdogo wao ndiye alikuwa mbele.

“Shangazi, huko kuna nini?”

“Mwenge wako unafika wapi, mwanangu?”

Alihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Cha nne kilikuwa ukingoni kabisa. Aliendelea kuhesabu taratibu juu ya blanketi tupu, na kaka zake wakanyamaza. Nikaingiza mkono kikapuni.