Namna ya Kuupima Uzito wa Homa ya Mafua Nyumbani

Neno mafua tumelibebesha mzigo mkubwa. Tunalitumia kwa pua inayochuruzika siku mbili na kukauka yenyewe, na tunalitumia vilevile kwa influenza, yaani homa ya mafua yenyewe, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka huwaugonjesha vibaya watu kati ya milioni 3 na milioni 5, na kuwaua kwa matatizo ya upumuaji watu kati ya 290,000 na 650,000. Kwa kuwa jina ni moja, wengi wetu huupuuza ugonjwa wa pili kwa sababu tumezoea kupona ule wa kwanza.

Anza basi kwa kuyatenganisha. Mafua ya kawaida huja kwa kunyemelea: koo linawasha leo, chafya zinaanza kesho, na mgonjwa anaendelea na kazi zake huku akipenga kamasi. Influenza huja kwa ghafla, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kukutajia saa iliyomwanza. Asubuhi alikuwa sokoni mzima wa afya, na ilipofika alasiri anatetemeka chini ya blanketi, kichwa kinamgonga, viungo na misuli vinauma, na kikohozi kikavu kinamkereketa. Kirusi huwa kimeshaingia mwilini siku 1 hadi 4 kabla ya hapo, na mgonjwa huanza kuwaambukiza wenzake takribani siku moja kabla hajajua kwamba anaumwa.

Tatizo ni kwamba homa, baridi na maumivu ya viungo ndizo pia dalili za malaria, na kwa macho peke yake hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwamba ni hii wala si ile. Mgonjwa apelekwe zahanati apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya kumeza dawa yoyote ya malaria. Usisubiri majira ya baridi ndipo uifikirie influenza, kwa maana katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta kirusi hiki huzunguka mwaka mzima.

Ukisha kuutambua ugonjwa, upime uzito wake kwa maswali mawili, nayo yasitenganishwe: kati ya wanaougua, wangapi hufa, na je, ni watu wangapi wanaoweza kuugua? Mlipuko wa ugonjwa wa virusi wa Marburg uliotangazwa Machi 2023 mkoani Kagera, Tanzania, uliua watu 6 kati ya 9 waliougua. Huo ni ugonjwa wa kutisha kwa kila anayeupata, lakini hupita kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na ufuatiliaji wa watu waliokaribiana na wagonjwa ukafaulu kuuzima. Influenza iko kinyume chake. Mtu mmoja mmoja aliye na afya njema ana nafasi kubwa sana ya kupona, ila kirusi chenyewe husafiri kwa pumzi na kikohozi, na kinawafikia watu wengi mno hata sehemu ndogo ya wanaokufa ikawa umati. Anayesema "ni mafua tu" amejibu swali la kwanza akalisahau la pili, na anayeogopa kila chafya amefanya kinyume chake.

Historia inaonyesha uzito huo unavyobadilika. Septemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, influenza iliingia Mombasa kwa meli na kusambaa bara, ikawakuta wapagazi wa kijeshi waliokwisha dhoofishwa na safari na njaa. Duniani kote inakadiriwa kwamba theluthi moja ya watu waliambukizwa na takribani milioni 50 wakafa, wakiwamo vijana wengi wenye nguvu. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwenye mabaki ya mapafu yao ulionyesha kwamba wengi waliuawa na nimonia ya bakteria iliyoingia baada ya kirusi kuyajeruhi mapafu, wakati ambapo antibiotiki hazikuwapo. Mwaka 2009 kikaja kirusi kingine cha H1N1, jamii ileile ya influenza iliyoua mwaka 1918, na safari hii pia waliokufa wengi walikuwa chini ya umri wa miaka 65. Kwa hiyo ujana si kinga ya kutegemea kila wakati.

Hata hivyo, katika mwaka wa kawaida hatari huchagua watu, na hapa ndipo ningependa kila familia itumie muda wake. Tazama nani anaishi nawe. Mtoto wa chini ya miaka 5, na hasa wa chini ya miaka 2. Mama mjamzito, pamoja na aliyejifungua karibuni. Babu au bibi aliyevuka miaka 65. Mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au selimundu. Anayeishi na VVU. Hawa wasisubiri "waone kesho itakuwaje". Ipo dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, oseltamivir, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zilipojitokeza, nayo huandikwa na daktari. Mgonjwa wa kundi hili anayefika kituoni siku ya tano amepoteza sehemu kubwa ya faida hiyo.

Kwa mtoto, chombo bora ulicho nacho nyumbani ni saa ya simu. Mpakate akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya, kisha pandisha nguo yake mpaka kifua na tumbo vionekane vizuri. Washa saa na utazame tumbo: kila linapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utakosea, kwa sababu watoto wadogo hupumua kwa haraka kidogo, wakatulia, wakaharakisha tena. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, hizo ni pumzi za mbio, na mtoto anapaswa kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au hanyonyi, au anatapika kila kitu, au amelegea hata kuamka ni shida, au amepata degedege, ondoka naye wakati huohuo, hata kama ni usiku. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe bila hata kuhesabu. Kwa mtu mzima, dalili za kukimbilia hospitali ni kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi, au kukauka kwa mkojo.

Asiye katika hatari apumzike, anywe maji, uji na supu kwa wingi, na atumie parasetamoli. Vidonge vya miligramu 500 mtu mzima humeza viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Soma maboksi yote yaliyopo mezani, kwa sababu dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake, na mgonjwa anayezimeza pamoja na vidonge huweza kuliumiza ini bila kujua. Mtoto na kijana wasipewe aspirini wakati wa influenza. Inahusishwa na madhara makubwa ya ubongo na ini. Antibiotiki haziui kirusi, na kuzinunua dukani kwa ajili ya homa ya siku mbili ni kuzichosha kabla ya siku zitakapohitajika.

Januari 2025 simu zetu zilijaa ujumbe kuhusu "kirusi kipya kutoka China". Nakumbuka jioni moja tukisomeana ujumbe huo sebuleni, huku shangazi yangu mwenye kisukari akikohoa chumba cha pili kwa siku ya tatu, wala hakuna aliyekuwa ameinuka kwenda kumtazama. Kirusi chenyewe, HMPV, kinachoshambulia njia ya hewa, kilikuwa kimetambuliwa na wanasayansi nchini Uholanzi tangu mwaka 2001. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, uliza kirusi kinaitwaje, kilijulikana lini, wagonjwa wako wapi, na kama Wizara ya Afya au Shirika la Afya Duniani limesema lolote siku hizo. Usipopata majibu, usiusambaze. Kisha inuka, ukamtazame anayekohoa ndani ya nyumba yako.

Huko chumbani, fungua madirisha, mgonjwa avae barakoa anapohudumiwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye mimba asiwe ndiye muuguzi ikiwa yupo mwingine. Chanjo ipo, na hubadilishwa muundo kadiri kirusi kinavyobadilika, ndiyo maana hurudiwa kila mwaka. Nchini Tanzania haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, ila inafaa kuulizia katika hospitali kubwa, hasa kwa walio hatarini na kwa wanaojiandaa kwenda hija, ambao Saudi Arabia huwashauri waipate.

Homa kwa kawaida hushuka baada ya siku chache, ingawa kikohozi na uchovu huweza kuvuta wiki mbili au zaidi. Usimfute mgonjwa akilini kwa sababu ameanza kula. Andika tarehe homa ilipoanza na tarehe ilipokatika. Ikiwa baada ya kupata nafuu homa inarudi, kikohozi kinazidi na kifua kinachoma, huenda bakteria wameingia kwenye mapafu yaliyojeruhiwa, na hapo ndipo antibiotiki huokoa maisha. Mpeleke siku hiyohiyo, na ufikapo kwa daktari mpe tarehe zote, ya homa ya kwanza na ya homa ya pili.